Bei ya Koti Semonkong

Maporomoko ya Maletsunyane, nchini Lesotho, yana kimo cha meta 192, na watu hutoka mbali kuja kuyaona. Mimi niliyaona nikiwa nimeshikwa mkono wa koti. Mwongozaji wangu alikuwa amefika maloti 150, na hakuona sababu ya maji yale kutukatisha mazungumzo.

Koti lenyewe lilikuwa la mtumba. Nafundisha watoto kupanda farasi katika banda moja nje ya Arusha, na masika ya kwetu hayamwachi mpanda farasi akiwa mjinga wa mavazi. Koti fupi la mvua, hata liwe zuri vipi, humwaga maji yote mapajani, nayo yakishuka hukusanyika kwenye tandiko, ukawa umekalia dimbwi lako mwenyewe. Shuka la plastiki lenye tundu la kichwa linafunika vizuri mpaka upepo uingie chini yake. Hapo linapaa, linapiga kelele, na farasi asiyelizoea anaondoka bila kukuuliza. Koti la bodaboda ni rahisi na liko kila duka, ila ni mpira mtupu. Nusu saa tu, jasho la ndani limeshinda mvua ya nje. Tena halina mpasuo nyuma, kwa hiyo ukikaa linajikunja kiunoni na magoti yanabaki wazi.

Koti lililokatwa kwa ajili ya farasi hushuka mpaka karibu na kifundo cha mguu. Nyuma limepasuliwa juu sana, na ndani ya mpasuo kumeshonwa kipande cha pembetatu kilichokunjwa. Ukikaa kinafunguka kufunika nyuma ya tandiko. Upande wa ndani kuna mikanda miwili ya kufunga mapajani, ili pindo zisipeperuke. Mabegani kuna kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza. Mtindo huu ni wa Waaustralia zaidi kuliko mtu yeyote, na kampuni yao ya Driza-Bone inahesabu umri wake tangu 1898. Kitambaa ni urithi wa mabaharia: turubai la pamba lililonyweshwa mafuta ya kitani, siku hizi nta. Mapya yenye jina huanzia pauni 150 na kupanda. Sina pauni 150 za kunyeshewa.

Langu nililipata soko la Memorial, Moshi, chini ya rundo la makoti ya baridi ambayo sijui nani huyanunua. Muuzaji aliniambia, "Hilo la jeshi, dada, halifi." Nikaangalia mambo matatu na kuacha mengine yote: kipande cha pembetatu kipo, mikanda ya mapaja ipo, mishono ya mabegani haijaachia. Rangi ilikuwa imepauka, lebo imeng'oka, kifungo kimoja cha kubana hakipo. Alianza na shilingi 60,000. Nilimwachia 25,000 na nikaondoka kabla hajajua nina furaha kiasi gani.

Nikasafiri nalo: ndege mpaka Johannesburg, nyingine ndogo mpaka Maseru, kisha lami ya milimani mpaka Semonkong. Ilikuwa Februari, majira ya mvua za mchana.

Mwongozaji alikuwa mtu wa makamo, amevaa buti za mpira, kofia ya sufu na blanketi lililobanwa bega la kulia kwa pini kubwa, mistari yake imesimama wima kama ada inavyotaka. Nilimwita ntate, baba, kama wamwitavyo wote aliowazidi umri. Yeye akaniita ausi, dada. Alilitazama koti langu kabla ya kunitazama mimi. Akanipandisha farasi, akalivuta pindo la nyuma, akakifungua kile kipande cha pembetatu kwa vidole viwili.

"Unaliuza?"

"Hapana, ntate."

"Maloti mia."

Ndivyo tulivyoanza. Farasi wa Basotho ni wadogo na imara, wanashuka mteremko wa mawe bila kuyumba, na wana mwendo wao wa haraka usio mbio wala matembezi, unaokaa juu yake bila kurushwa. Ningependa kuandika mengi juu ya mwendo huo. Nakumbuka zaidi sauti ya ntate ikitokea nyuma, ikihesabu kasoro za mali yangu.

Alisema nta imekwisha. Akanisogelea, akakwaruza mkono wa koti kwa ukucha, ukabaki mstari mweupe. "Unaona? Kavu." Nikamjibu kwamba nta hupakwa upya, unapasha kopo kwenye maji ya moto, unasugua kwa kitambaa, unaliacha linyonye. Akauliza nta hiyo inauzwa wapi Semonkong. Nikanyamaza.

Alisema kifungo hakipo. Alisema halipashi joto, halina sufu ndani. Hapo nilimshika: blanketi lako, ntate, linapasha joto, lakini likilowa sawasawa linakuwa zito kama kondoo mzima. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema kondoo aliyelowa bado ana joto, na blanketi linafunika mapaja yote mawili na mgongo wa farasi, tena halina haja ya mikanda. Ukifika nyumbani unaliweka karibu na moto, asubuhi linavaliwa.

"Hili lisiwekwe karibu na moto," nikasema. "Nta inayeyuka. Wala lisifuliwe kwa sabuni."

Alisimamisha farasi kabisa. "Koti la mvua ambalo haliwezi kukaa karibu na moto? Sasa mtu analikausha wapi?"

"Unalitundika penye hewa."

"Februari. Huku."

Nikiri kwamba hoja ilikuwa nzuri. Wauzaji wa makoti haya huandika maelekezo yao kwa mtu mwenye chumba cha ziada, ukumbi wenye ndoano na siku moja ya jua. Mtu mwenye chumba kimoja na moto wa samadi katikati hayumo kwenye hesabu yao.

Lakini tulipofika kwenye genge, mbele ya ule uzi mweupe unaoanguka kwenye korongo, naye akanishika mkono na kusema 150, uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia nimelipia mwongozaji, sikulipia soko. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akaitikia kwa adabu, "Sawa, ausi," akapanda, akatangulia. Tukarudi kimya, yeye mbele, blanketi lake limenyooka mgongoni kama hakuna lililosemwa. Nilikuwa na haki, na haki hiyo haikunipa raha yoyote.

Mvua ilitukuta uwandani, pasipo mti. Huko juu, zaidi ya meta 2,000, haianzi kidogo kidogo. Ngurumo moja, halafu mvua ya mawe, halafu maji. Ntate alishuka, akanijia. Nikadhani anataka kushika hatamu. Akaingiza mkono chini ya koti, akatafuta mkanda wa paja ambao sikuwa nimeufunga, akaupitisha na kuukaza, akazunguka akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Hakubabaika hata kidogo. Kisha akakivuta kile kipande cha nyuma, akakitandaza juu ya tandiko vizuri kuliko nilivyowahi kukitandaza mwenyewe.

"Umewahi kuwa na koti kama hili," nikasema.

"Mwenye shamba alikuwa nalo." Alifanya kazi Free State, Afrika Kusini, ujanani, kuchunga ng'ombe kwa farasi. Bosi akitangulia na koti refu, yeye nyuma na mfuko wa mbolea uliotobolewa tundu la kichwa na mawili ya mikono. "Jioni kazi yangu ilikuwa kulitundika. Penye hewa," akaongeza, akinitazama.

Kumbe lile swali la wapi linakaushwa alikuwa analijua jibu lake tangu asubuhi.

Tulifika, mimi mkavu kuanzia kiunoni kwenda chini, bega la kushoto limelowa chepechepe, sawasawa na alivyosema juu ya nta. Yeye alilikamua blanketi, akalitandaza mbele ya jiko, likaanza kutoa mvuke. Sikuwa na siku nyingine ya farasi, na begi langu lilikuwa tayari limekaribia uzito unaoruhusiwa kwenye ndege. Koti la nta ni mzigo hata likiwa kavu. Nikasema 500.

Hakustuka. Akasema blanketi zuri la Seana Marena linazidi maloti 1,000, na ni jipya, na lina heshima ya kuvaliwa harusini. Hili hakuna atakayelivaa harusini. Nikasema hakuna atakayeendesha ng'ombe mvuani kwa Seana Marena. Akakubali hilo. Akaja 300, nikashuka 450, chai ikaletwa, tukaongea habari za bei ya sufu ya kondoo na ya mbuzi, tukarudi. Nilikuwa najua kwamba hata kwa 300 napata faida juu ya 25,000 ya Moshi, na bado sikutaka kushuka. Umachinga uko damuni, nauli yote ile haikuupunguza.

Tukakubaliana 400. Asubuhi alikuja na noti zimekunjwa ndogo, akazihesabu mezani moja moja. Zilikuwa 380.

"Ntate, tulisema mia nne."

"Ishirini ya nta," akasema, na tayari alikuwa amelivaa.