Mbegu Iliyokwama Chimala

Nyumbani kwetu Matamba, wilayani Makete, zamani hakuna aliyeagiza mbegu ya viazi mviringo. Mbegu ilitoka bondeni. Wakati wa kiangazi, milima ikiwa imekauka, mama na wenzake walilima vinyungu, yale mashamba madogo ya mabondeni ambayo unyevu wake haukatiki, na viazi vyake vilichimbwa miezi miwili mitatu kabla ya mvua. Vikubwa vililiwa au kuuzwa. Vidogo, vya ukubwa wa yai la kuku, vilitandazwa kwenye kichanja chini ya mapaa, mahali penye hewa nyingi na mwanga kidogo, vikalala huko hadi vichipue. Mama alipanda mara kwa mara kuvigeuza na kutupa vilivyoanza kuoza. Mvua ya kuaminika ilipoanza, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, alichukua kikapu na jembe, basi. Hakuwa na mtu wa kumngojea.

Sisemi kwamba mbegu ile ilikuwa njema. Kiazi hupandwa kwa kiazi chenzake, kwa hiyo ugonjwa ulioingia shambani mwaka huu, mwakani mkulima huupanda tena kwa mkono wake mwenyewe. Virusi hupunguza mavuno polepole, msimu hadi msimu, hata watu wakadhani ni ardhi iliyochoka. Mnyauko hauna upole huo. Unaukuta mmea asubuhi umesimama, mchana umelala na majani yake bado ni ya kijani. Nakumbuka bwana shamba alipokuja kwetu, akakata shina moja na kulining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Punde ulianza kushuka uzi mweupe kama maziwa, taratibu, hadi chini ya glasi. Hao walikuwa bakteria.

"Mzee, hapa usipande kiazi kwa miaka kadhaa," alimwambia baba. "Na mbegu yako hii usimgawie jirani."

Baba alikuwa mtu wa kugawa. Naamini agizo hilo la pili lilimuumiza kuliko hasara yenyewe.

Ndipo habari za Uyole zikawa na maana kwetu. Kituo cha utafiti cha Uyole, pale Mbeya, kilikuwa kimetoa aina iitwayo Kikondo mwaka 1987, na sifa yake ilipanda milima haraka. Baba aliandika barua, akaipeleka kwa mkono wa dereva wa lori lililoshuka na viazi. Jibu lilikuja kwa njia hiyo hiyo: mbegu ipo, atume fedha, ataletewa kabla ya mvua. Ekari moja ya viazi hula karibu kilo 800 za mbegu. Si bahasha ya mbegu za kabichi ambayo mtu anaweza kuitia mfukoni. Ni mzigo wa lori, na ni mzigo unaopumua.

Asiyeijua njia ya kwetu hataelewa kilichofuata. Kutoka Mbeya gari hufuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam hadi Chimala, huko chini kwenye tambarare za Usangu ambako watu hulima mpunga na joto ni la kweli. Kisha linaiacha barabara kuu na kuanza kuukwea mlima kwa zile kona 57 ambazo kila msafiri wa Makete huzihesabu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Wakati wa kiangazi safari hiyo ni ya vumbi na uvumilivu. Mvua ikinyesha, udongo unateleza, mawe yanaporomoka, malori yanakaa chini kusubiri njia ikauke. Yaani mvua ile ile inayomwita mkulima shambani ndiyo inayoifungia mbegu yake njia. Fumbo hili ndilo lililotawala maisha ya viazi vyetu kwa miaka mingi, na hadi leo sijaona watu wa ofisini wakilipa uzito unaostahili.

Mzigo wa kwanza wa baba ulifika Chimala mvua ikiwa imeshaanza. Ulikaa hapo, ndani ya magunia yaliyoshonwa, umepangwa chini ya magunia ya mpunga katika ghala lenye bati. Kila aliyepita alimletea baba salamu: mzigo wako upo, mzima, unasubiri gari. Waliosema hivyo hawakudanganya. Gunia lilikuwa zima.

Lakini kiazi kilichochimbwa hakijafa. Kwanza hulala, kwa aina nyingi miezi miwili au mitatu, na usingizi huo hauvunjwi kirahisi. Ukiisha, kinaanza kuchipua, na tangu hapo kinatumia akiba yake chenyewe. Kikiwa kwenye mwanga hafifu na ubaridi, machipukizi huwa mafupi, manene, ya kijani, tena hukaza. Kikiwa gizani kwenye joto, hutoa mikia mirefu myeupe inayosokotana katikati ya nyuzi za gunia, na siku ya kumimina yote hukatika. Kinajaribu tena, dhaifu zaidi. Na pale hewa inapokosekana kabisa, moyo wa kiazi hugeuka mweusi ilhali ganda linang'aa. Kiazi kilichozeeka hivyo, hata kikipandwa, wakati mwingine hutoa vijiviazi vidogo papo hapo udongoni bila kuleta majani juu. Kwa hiyo swali la "mzigo upo?" lilikuwa la bure. La maana lilikuwa: umelala wapi, kwa siku ngapi, na nani ameufungua upumue?

Magunia yalipofika juu, mama aliyapasua uani. Harufu ilitutangulia kujua. Kilichofaa kupandwa kilipandwa Februari badala ya Desemba, kikakutana na ugonjwa wa ukungu kikiwa bado kichanga, na mvua zikakata mwishoni mwa Aprili kabla viazi havijajaa. Baada ya hapo huja baridi ya Juni ya Makete, inayounguza majani usiku mmoja. Kilichochelewa kwa wiki kadhaa Chimala kiligharimu msimu mzima.

Nilidhani simu itamaliza yote hayo. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na haikuchukua muda mrefu dada yangu, aliyerithi mashamba, akawa anaweza kusimama mlimani penye mtandao na kulipia mbegu ya Iringa au Arusha kabla chai haijapoa. Aina nazo ziliongezeka. Mwaka 2012 ziliidhinishwa Asante, Sherekea, Meru na Mkanano, baadaye zikaja za Ulaya kama Sagitta na Jelly. Mbegu ilikuja na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kwa mtu aliyeuona uzi mweupe ndani ya glasi, lebo hiyo si karatasi tu.

Fedha ikaanza kufika kwa dakika moja. Kiazi hakikupata miguu mipya. Kilichobadilika ni mahali pa kukwama, tena sasa pakawa hapaonekani. Zamani baba aliweza kushuka Chimala akaligusa gunia lake. Dada alibaki na ujumbe kwenye simu: mzigo uko njiani. Siku ya tatu, uko njiani. Wiki ya pili, mama, vumilia, uko njiani. Msimu mmoja muuzaji alikuwa anasubiri oda zitoshe kujaza Fuso nzima ndipo aipakie. Wateja wa kwanza kulipa ndio waliosubiri zaidi. Msimu mwingine shehena ilikuwa haijakamilisha ukaguzi, na hilo sitamlaumu mtu, kwa sababu ukaguzi ndio unaotukinga na mnyauko. Ninachomlaumu muuzaji ni kupokea fedha ya Oktoba huku akijua ukaguzi wake unaisha Desemba.

Mbegu iliyotoka nje ya nchi ilikuwa na safari yake nyingine: Ulaya huvuna viazi miezi ya kuanzia Agosti hadi Oktoba, kisha meli, kisha bandari ya Dar es Salaam na joto lake. Kontena likiwa na ubaridi, kiazi hulala salama. Siku kinapotolewa humo saa yake huanza kukimbia, na hakuna stakabadhi inayoisimamisha.

Naona uchungu zaidi kwa wale waliopoteza na wasirudi tena. Majirani zetu kadhaa walinunua mara moja, wakapokea mikia myeupe na maji yanayonuka, wakahitimisha kwamba mbegu iliyothibitishwa ni utapeli. Wakarudi kwenye mbegu ya sokoni, viazi vya kula vilivyobaki kwenye lumbesa, na mnyauko ukaendelea kusafiri kwa furaha zote kutoka shamba hadi shamba. Aina njema ilihukumiwa kwa kosa la ghala. Ukiwaeleza wanakusikiliza kwa heshima, kisha wanakwenda sokoni, na huwezi kuwashutumu, kwa sababu fedha iliyooza ilikuwa ya ada ya mtoto.

Dada ndiye aliyebadilisha mambo kwetu, na alianza kwa kubadilisha maswali. Hamuulizi tena muuzaji atatuma lini. Anamuuliza alichimba lini, na ni aina gani. Akishajua hayo mawili anaweza kuhesabu mwenyewe kiazi kitaamka lini. Kisha anataka mbegu ikiwa bado imelala, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, njia ikiwa kavu. Wauzaji walimshangaa: mvua iko mbali, mama, utaiweka wapi? Ataiweka kwenye ghala la mwanga hafifu alilojenga nyuma ya jiko, kuta za fito zenye nafasi, paa la nyasi, vichanja vya ghorofa, wavu wa kuzuia vidukari. Ni kichanja cha mama kilichopewa nyumba yake. Mbegu lazima ingoje mahali fulani, na yeye aliamua ingoje Matamba, kwenye ubaridi, chini ya macho yake.

Hivi karibuni kimekuja kitu kingine, vipandikizi. Mmea safi wa maabara hukatwa vishina vidogo, vikaoteshwa mizizi kitaluni, na mkulima hupanda mche badala ya kiazi. Mche mmoja hutoa kwa kawaida viazi 7 hadi 10, wakati mwingine zaidi, na hivyo vikizalishwa tena msimu mmoja au miwili huwa mbegu ya kijiji kizima. Nilipoviona mara ya kwanza niliogopa. Kama kiazi, chenye akiba yake mwilini, kilikuwa kinakufa Chimala, jani hili laini lenye mizizi kama uzi lingefikaje? Halifiki, ukweli ndio huo, likipangwa kwenye buti la basi kati ya mabegi na ndoo za mafuta. Likipitisha siku mbili humo, ukipokea unapokea majani ya kuchemka. Udhaifu huo ndio uliotusaidia. Kwa kuwa miche haiwezi kusafiri, ikabidi kitalu ndicho kisogee. Sasa kuna akina mama jirani na kwetu wanaopokea trei chache tu za mwanzo, wanazizalisha ndani ya wavu, na wanauza mbegu kwa watu wanaoweza kwenda kuichukua kwa kichwa.

Kazi iliyobaki ni zile trei chache. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mzigo wa kutoka mbali unaweza kushushwa Chimala saa nane usiku, na wakala wa basi, kwa nia njema, hufunga mlango na kuusubirisha hadi ofisi ifunguliwe, na jua nalo likiwa limeshapanda. Dada alishuka mlimani kwenda kuonana naye ana kwa ana. Alimpelekea debe la viazi, akamweleza kilichomo ndani ya maboksi yale yenye matundu, akamwachia namba yake na ya kijana wa bodaboda anayelala hapo hapo Chimala.

"Mwanangu, usinionee haya," alimwambia. "Zikishuka usiku, nipigie usiku. Kijana atakuja kuzichukua zianze kupanda kona kabla hapajapambazuka."