Mchezo wa vita na ahadi: duru ya kumi haina kesho

Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Kila siku ya posho jioni, vijana wanne kutoka Uvira na Fizi hukutana na Wamarekani wawili wanaofanya nao kazi ya usiku kwenye depo moja. Hawakutani kwa ajili ya mpira wala dama. Wanatandaza mezani ramani kubwa ya nchi isiyokuwepo, wanagawana majeshi, halafu wanaanza kuahidiana na kudanganyana kwa saa nne.

Mchezo wenyewe unaitwa A Game of Thrones. Ulitolewa mwaka 2003 na kampuni ya Fantasy Flight Games ya Minnesota, na aliyeubuni ni Christian T. Petersen. Toleo la pili, wanalolitumia vijana hao, lilitoka mwaka 2011. Msingi wake ni riwaya za Mmarekani George R. R. Martin, ambazo kitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1996. Wanaosoma Kifaransa wanazijua kwa jina la Le Trône de fer, na wengi zaidi wanaijua filamu yake ya televisheni iliyoonyeshwa kuanzia 2011 hadi 2019.

Koo sita zinagombania kiti kimoja cha enzi: Stark, Lannister, Baratheon, Greyjoy, Tyrell na Martell. Anayeteka ngome saba kabla ya wengine ameshinda. Zikimalizika duru kumi na hakuna aliyefika saba, mshindi ni mwenye ngome nyingi kuliko wote. Hakuna dadu ya kurusha, kwa hiyo mtu hawezi kusema alishindwa kwa bahati mbaya tu. Kila mchezaji anaweka kibao cha amri, uso chini, mahali penye askari wake: kwenda vitani, kujilinda, kumsaidia jirani, kuvuruga amri za adui, au kukusanya mamlaka. Wote wakimaliza, vibao vinafunuliwa kwa mara moja. Hapo ndipo kila mmoja anajua nani alisema kweli.

Kabla ya kufunua, kila mtu ana ruhusa ya kuongea: kuomba, kutisha, kuapa, kumvuta mwenzake jikoni na kunong'ona. Lakini sheria za mchezo zinasema wazi kwamba ahadi hazimfungi mtu. Unaweza kula kiapo mbele ya wote na dakika moja baadaye ukafanya kinyume, na hakuna wa kukuadhibu.

Kijana anayehusika na habari hii ana miaka 23. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, baada ya mama yake kukimbia Uvira mwaka 1996 na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Walifika Marekani mwaka 2016. Siku hiyo ya posho aliongoza ukoo wa Stark, ambao uko kaskazini, wenye nchi kubwa na majirani wachache. Jirani yake wa magharibi, Greyjoy, aliongozwa na kijana wa Fizi aliyemzidi miaka saba. Kijana wetu anamwita yaya, maana walikua pamoja kambini na ndiye aliyemtafutia kazi kwenye depo. Kila usiku wanaenda kazini kwa gari la huyo yaya.

Katika duru ya nne walipatana. Stark angetoka Seagard aipige ngome ya Riverrun iliyokuwa mikononi mwa Lannister, na meli mbili za Greyjoy zilizokuwa kwenye ghuba ya jirani zingemsaidia. Kijana alikuwa na askari mmoja wa farasi mwenye nguvu mbili na mmoja wa miguu mwenye nguvu moja, jumla tatu. Lannister alikuwa na wa farasi mmoja tu. Pamoja na meli, ingekuwa tano kwa mbili.

«Yaya, nikuamini?»

«Mdogo wangu, tangu lini nikakutupa?»

Vibao vilipofunuliwa, kibao cha msaada kilikuwa juu ya meli kama walivyopatana. Kijana akapumua. Lakini katika mchezo huu, mwenye kibao cha msaada anachagua upande wa kusaidia wakati vita vinahesabiwa, si kabla. Yaya aliangalia ramani, akajikuna kidevu, akasema meli zake zinamsaidia Lannister. Tano kwa mbili ikageuka tatu kwa nne. Kadi ambazo pande mbili zilitoa zilikuwa na nguvu sawa, basi hesabu haikubadilika. Jeshi la Stark lilirudi Seagard likiwa limeshindwa, na duru iliyofuata meli za Greyjoy zilishusha askari Seagard kwenyewe.

Wamarekani wawili walicheka, kwa sababu mapatano yote yalikuwa yamefanywa kwa Kiswahili na hawakuelewa kitu mpaka mwisho. Yaya naye alicheka. Alisema ni mchezo tu. Kijana hakucheka.

Tangu hapo alicheza kwa hasira, na hasira ilimfikisha mahali pengine pabaya. Kaskazini ya ramani kuna Ukuta, na ng'ambo yake kuna watu wa mwituni wanaoshuka mara kwa mara kushambulia koo zote. Wakishuka, kila mchezaji anaficha mkononi vibao vya mamlaka anavyotaka kuchanga, halafu wote wanafungua mikono pamoja. Mchango ukitosha, wavamizi wanarudishwa na aliyechanga zaidi anapata zawadi. Usipotosha, wote wanaumia, na aliyechanga kidogo kuliko wote anaumia zaidi.

Siku hiyo nguvu ya wavamizi ilikuwa nane. Kijana alikuwa na vibao vitano. Alijisemea: hao wajanja walioniuza na wachange wenyewe. Akafungua mkono mtupu. Wenzake watano walikuwa wametoa viwili, viwili, kimoja, kimoja na kimoja. Jumla saba. Kilikosekana kimoja tu. Kadi iliyofunuliwa ilipunguza akiba ya chakula ya kila ukoo kwa ngazi moja, na ya Stark kwa mbili. Katika mchezo huu, mwenye chakula kidogo haruhusiwi kuwa na majeshi makubwa, hivyo askari walianza kuondolewa mezani. Wa kwanza kuondolewa walikuwa wa kijana mwenyewe.

Katika duru ya kumi yaya aligeuka tena. Safari hii alimvamia Lannister, yule yule aliyemsaidia katika duru ya nne, akamnyang'anya Riverrun na kumaliza na ngome sita. Alishinda. Lannister alilalamika, lakini hakuwa na la kufanya, maana hapakuwa na duru ya kumi na moja ya kulipiza kisasi.

Siku ya kwanza ya juma gari la yaya lilipiga honi chini ya nyumba kama kawaida. Kijana hakushuka. Alipanda basi mbili na kufika kazini amechelewa, akakemewa na msimamizi. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Simu za yaya hakuzipokea.

Ramani ilikuwa bado mezani, kwa sababu wanachezea kwao na hakuna aliyeikunja. Mama yake alikuwa akipita kando yake siku zote hizo bila kuuliza kitu. Siku ya nne aliketi, akavaa miwani, akaanza kuiangalia.

«Papa, hii nchi ina watu?»

Kijana alimwonyesha askari wa miguu, wa farasi, meli na mashine za kubomolea ngome.

«Hao ni wenye bunduki. Ninauliza wenye kulima. Wako wapi?»

Kijana akatafuta jibu. Alimwonyesha mapipa madogo yaliyochorwa kwenye baadhi ya maeneo, akaeleza kwamba ndiyo alama ya chakula: ukishika eneo lenye mapipa, majeshi yako yanaweza kuongezeka.

«Mapipa nimeyaona. Ni nani aliyeyajaza?»

Hapo kijana alikosa la kusema. Kwenye ramani hiyo maeneo hubadilisha mabwana duru kwa duru, lakini hakuna kibao hata kimoja cha mtu anayebeba godoro kichwani. Hakuna anayekimbia Seagard ikitekwa mara mbili kwa jioni moja. Mama huyo aliwahi kuwa mmoja wao, kwa hiyo aliona haraka kisichokuwepo.

Ndipo kijana alipomweleza habari ya yaya, meli na Riverrun. Mama hakumlaumu yaya wala hakumtetea mwanawe. Alimkumbusha likilimba ya Nyarugusu. Walikuwa akina mama kumi. Kila mwezi kila mmoja alitoa pesa kidogo, na zote zilipewa mmoja kwa zamu. Aliyepokea mwezi wa kwanza angeweza kukataa kuchanga miezi tisa iliyobaki. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na polisi, na wengi hawakujua kuandika. Hata hivyo hakuna aliyekimbia na pesa.

«Unafikiri tulikuwa watakatifu?» aliuliza. «Ni kwa sababu ya bomba. Ungekula pesa za wenzako leo, na kesho asubuhi ungepanga ndoo yako nao kwenye bomba lile lile la maji. Na kesho kutwa. Mtoto wako akiugua usiku, ungegonga mlango wa nani?»

Kisha akasema jambo ambalo kijana alilirudia baadaye mbele ya wenzake. Wakiwa kambini walisikia kwenye redio kwamba mkataba umetiwa sahihi Lusaka, mwaka 1999. Watu walishangilia, wengine wakaanza kufunga mizigo. Wakasikia tena Pretoria, mwaka 2002, na mwaka uliofuata Kinshasa ikapata rais mmoja na makamu wanne ili kila mkubwa apate kiti. Yeye hakufunga mzigo. Alijiuliza swali moja tu: hawa waliotia sahihi, kesho yao iko wapi? Watachota maji bomba gani? Aliona kwamba wengi wa wenye kalamu wangeweza kuvunja neno lao na bado wakalala pazuri, na kwamba wale ambao kesho yao ilitegemea neno hilo hawakuwa na kiti mezani. Mchezo wa mwanawe ulifanana na hilo, isipokuwa kwenye mchezo hakuna aliyekufa.

Inafaa kusema kwamba mchezo wenyewe haudanganyi. Unaonyesha waziwazi kwa nini neno huvunjika: vibao vinafichwa, faida ya kugeuka iko karibu, na hesabu ya duru inajulikana na wote. Katika duru ya pili hata mjanja anasita kumsaliti jirani, maana bado ana duru nane za kuishi naye. Katika duru ya kumi hakuna anayesita. Watu wale wale, kiapo kile kile. Kilichobadilika ni kesho tu. Hata watu wa mwituni wanafundisha hivyo. Mwenye kukunja mkono ili wengine wachange anaweza kuwa na sababu nzuri ya hasira yake, lakini chakula kinachopungua ni chake pia.

Siku ya tano honi ililia chini ya nyumba. Yaya alikuwa ameendelea kupita jioni zote nne, na kila mara alingoja dakika kumi kabla ya kuondoka. Kijana alijua, maana alikuwa akimwangalia dirishani. Safari hii mama alimwekea mandazi kwenye mfuko, ya watu wawili, akamfungulia mlango.

Njiani hawakuongea mpaka karibu na depo. Yaya ndiye aliyeanza. Alisema mchezoni angefanya vile vile tena, hawezi kudanganya juu ya hilo, lakini hakujua kwamba mdogo wake angepanda basi mbili kwa sababu ya meli mbili za plastiki. Kijana alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya posho. Alikiri kwamba zile nguvu nane alizikataa makusudi. Yaya alijibu kwamba kila mtu mezani alilijua hilo.

Siku ya posho iliyofuata walikuwa sita tena kuzunguka ramani. Kura ziliwapanga tofauti: kijana alipata Baratheon, yaya akapata Martell, nao wakawa majirani tena, safari hii baharini upande wa mashariki. Katika duru ya kwanza yaya alimwinamia.

«Nitakusaidia, mdogo wangu.»

«Mpaka duru ya ngapi?»

Yaya alifikiri kidogo. «Ya tisa.»

Walipeana mikono mbele ya wote, na Wamarekani wakataka kutafsiriwa. Jikoni, mama aliuliza gari litapita saa ngapi siku ya kwanza. Yaya alijibu saa ileile.