Hadi Neno FULL Litokee

OSPF ni itifaki inayozipa ruta njia kwa kufuatilia hali ya viunganishi. Kila ruta hutangaza viunganishi vyake na gharama ya kila kimoja. Matangazo huenea eneo zima, ruta zote zikawa na ramani moja, kisha kila moja hutafuta njia fupi kwa kanuni aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Toleo la 2, linalohudumia anwani za IPv4, lilielezwa na John Moy katika RFC 2328 ya mwaka 1998.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia kwenye ufundi wa mitandao Dar es Salaam wakati njia za matawi zikiandikwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Katapila likikata faiba barabarani, fundi aliingia ruta hadi ruta kufuta njia iliyokufa, na wateja wakisubiri. OSPF ilimwondolea adha hiyo, na kuisanidi kukawa ndiyo kazi yake.

Kazi hiyo ina utaratibu. Kwanza huandikwa kitambulisho cha ruta, namba ya biti 32 yenye sura ya anwani ya IP. Mwandishi hakuiachia ruta ijichagulie, kwani ruta mbili zikiwa na kitambulisho kimoja, ramani huvurugika. Pili ni eneo: eneo 0 ndilo uti wa mgongo, na maeneo mengine huungana nalo. Tatu hutajwa violesura vitakavyoshiriki. Vinavyoelekea kwa watumiaji hunyamazishwa. Nne ni gharama. Ruta nyingi hugawanya megabiti 100 kwa kasi ya kiunganishi, hivyo kiunganishi cha megabiti 100 na cha gigabiti 1 vyote hupata gharama 1. Kwa hiyo kigezo hicho cha megabiti 100 hupandishwa, na kwenye ruta zote kwa pamoja.

Baada ya hapo ruta huanza kusalimiana, kwa kawaida kila sekunde 10. Jirani akinyamaza sekunde 40 huhesabiwa ametoweka. Muda wa salamu, namba ya eneo na nenosiri lazima vilingane.

Kulingana huko hakutoshi. Usiku mmoja, kwenye tawi jipya la Morogoro, salamu zilipita pande zote mbili lakini ujirani ukagota kwenye hatua ya ExStart, ya kuanza kubadilishana ramani. Mwandishi alihakiki muda, eneo na nenosiri, akabadilisha hata moduli ya faiba, bila mafanikio. Karibu na alfajiri aliona kwamba kiolesura kimoja kilikuwa na kikomo cha pakiti za baiti 1,600 na cha pili 1,500. Salamu ni ndogo, hupita popote. Lakini pakiti za kuanza kubadilishana ramani hutaja kikomo hicho, na ruta yenye kikomo kidogo huzikataa. Alipoweka 1,500 pande zote, neno FULL, linaloonyesha ujirani umekamilika, likatokea. Tangu hapo aliwafundisha wanagenzi kulinganisha vikomo kabla ya kuandika amri yoyote ya OSPF.

Mwisho ni jaribio. Kebo kuu huchomolewa fundi akitazama jedwali la njia. Njia ya akiba ikishika, kebo hurudishwa. Kisha usanidi huhifadhiwa, kwani usiohifadhiwa hupotea umeme ukikatika.