Pikapu Yangu na Difu ya 4.7

Mimi udereva nilijifunzia bara, kwenye malori, barabara ya Dar es Salaam na Morogoro. Huko gari nzuri ni ile inayokwenda mbio na injini isipige kelele. Kwa hiyo niliporudi kwetu Pujini, Pemba, na kununua Land Rover Series III fupi, ya inchi 88, bodi ya pikapu, nilitaka kwanza ibadilishwe difu.

Ya asili ni 4.7: kraunwili ina meno 47, pinioni 10. Ya Range Rover za zamani ni 3.54, meno 46 kwa 13, nayo huingia kwenye ekseli ileile. Hesabu yake inatamanisha. Kwa tairi za 7.50-16, gia ya nne, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, 4.7 inakupa kilomita 54 hivi kwa saa; 3.54 inakupa 72.

Fundi wangu wa Chake Chake hakubisha. Aliniuliza tu, "Ami, utabeba nini, na wapi?"

Magunia ya karafuu msimu ukifika, ndizi, mihogo. Toka shamba mpaka Chake. Nikienda mbali sana ni Wete au Mkoani. Nilipokuwa namjibu nikajisikia ninavyojipinga mwenyewe. Pemba ni vilima na mabonde, na masika njia za shamba ni utelezi mtupu. Injini ya lita 2.25 ukiivisha 3.54, hata gia namba moja inakuwa nzito: kupanda na mzigo utaunguza klachi, kuteremka injini haikushikilii vizuri, umebaki na breki. Na breki zenyewe ni za dramu, miguu yote minne! Huo mwendo wa ziada ningeupeleka wapi?

Tena ukibadilisha ya nyuma huna budi kubadilisha na ya mbele, maana ukiingiza gia ya magurudumu manne zikapishana, kitu kitakatika. Mshale wa mwendo nao utakudanganya: ukisoma 60, unakwenda karibu 80. Ovadraivu ya Fairey ni bora zaidi, kwa kuwa unaiingiza kwenye lami na kuitoa kilimani, lakini kwa safari za Chake na kurudi sikuona haja ya gharama hiyo.

Pesa ya difu nikaitia kwenye giaboksi, beringi na sinkro mpya. Series III ina sinkro gia zote nne za mbele, na zikiwa nzima unarudisha gia katikati ya mlima bila ya vita.

Mwenzangu mwenye pikapu kuukuu, usinunue difu kwa maneno ya muuzaji. Kama bado iko kwenye gari, tia kabari, inua gurudumu moja la nyuma, toa gia, achia hendibreki, kisha lizungushe mara mbili kamili huku ukihesabu mizunguko ya propela shafti. Ikikaribia mitano kasorobo, ni 4.7, ichukue. Ikiwa mitatu na nusu, waachie wenye lami ndefu.