Hakukuwa na Virusi

Faili la kikoba cha akina mama wa hapa Maisaka halikuliwa na virusi. Nililifuta mimi kwenye steshenari yangu, kisha nikamdanganya mwenye faili.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Habari zikazunguka kwenye magrupu ya mafundi, nami nikaogopa kwamba kompyuta ya dukani itaingiliwa na wezi wa nywila. Hofu ilikuwa na msingi. Haraka haikuwa nao. Kampuni ilishatangaza njia ya kuendelea kupata marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, ila sikujishughulisha kuitafuta. Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba wa kutoka Arusha, prosesa ya zamani, haina hata chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11. Nikailazimisha kuipokea Windows 11 kwa flashi.

Ikawaka. Maandishi yamevimba kama ya bango la barabarani, printa haionekani, deskitopu nyeupe. Hapo ndipo nilipokuwa naweka kazi zote za wateja: CV, barua za maombi, mitihani ya walimu, na lile faili la Excel lenye hisa, mikopo na riba za kikoba tangu Januari. Kwenye kona ya chini ukatokea ujumbe kwamba nimeingia kwa akaunti ya muda na mafaili yangu siwezi kuyafikia. Mwanafunzi alikuwa anasubiri kopi za vyeti. Nikaufunga kabla sijaumaliza.

Jibu lilikuwa mle mle. Windows ikishindwa kufungua akaunti yako, hukufungulia ya muda yenye deskitopu tupu, lakini mafaili yanabaki kwenye diski C, ndani ya folda ya Users, chini ya jina la akaunti yako ya zamani. Mara nyingine kuzima na kuwasha tu kunatosha. Hata toleo jipya likikushinda, lile la zamani hutunzwa siku 10 kwenye folda ya Windows.old, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi nyuma. Kioo na printa vilihitaji draiva tu. Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilifanya kile ambacho mafundi wengi wa mtaani tunakifanya tukibanwa: nikafomati diski nzima, nikapiga Windows upya. Programu ya kufufua mafaili ilinirudishia la kikoba likiwa halifunguki. Nakala sikuwa nayo, na karatasi za vikao nilikuwa nikishazichapa nazitupa.

Lakini lililonifanya niandike ni lile lililofuata.

Mama katibu alikuja na flashi yake kuchukua mahesabu. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti, nikamwambia virusi vimekula kila kitu. Akauliza vimetoka wapi. Nikaiangalia ile flashi mkononi mwake.

"Mama, hizi flashi ndizo zinazoleta."

Akaigeuza geuza. "Kwa hiyo ni mimi, mwanangu?"

Sikumjibu. Akaondoka, akaenda kuwaambia wenzake kwamba yeye ndiye aliyeharibu.

Desemba ilikuwa inakaribia, wakati wa kuvunja kikoba, na watu wameshaipangia ile hela ada za Januari. Hisa zilipatikana, maana kila mwanachama ana kitabu chake chenye mihuri. Mikopo na riba hazikuwa humo. Yakaanza maneno ya pembeni: katibu anaficha, katibu amekula. Mama huyu alikuwa anakuja kila baada ya kikao, ananisomea tarakimu moja moja nami nachapa, na akihisi nimekosea shilingi mia ananirudisha juu tuanze upya. Huyo ndiye niliyemwachia jina la mwizi. Akajiuzulu.

Nilimfuata nyumbani kwake, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Aliniuliza kama nitayasema hayo mbele ya kikao. Niliyasema, nimesimama, wanachama wote wapo. Sasa tunayaandika mahesabu upya kutoka kwenye vitabu vyao na kumbukumbu za waliokopa. Ipo mikopo ambayo riba yake bado inabishaniwa, na tofauti yake nimekubali kuilipa mimi. Ukatibu walitaka kumrudishia. Ameukataa.