Macho Chini

Kwetu Ainabkoi, mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mtu mzima. Unasalimiwa, unajibu, macho yako chini. Kwa hivyo tulishangaa kidogo mdogo wangu alipoanza kufundishwa kuangalia watu machoni, tena kwa malipo ya biskuti.

Alikuwa na miaka sita. Daktari alikuwa ameandika neno moja: usonji. Kila Jumanne tulipanda matatu hadi Eldoret, mimi na yeye, kwa sababu Mama alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Mtaalamu aliinua biskuti karibu na jicho lake akasema, "Niangalie." Akiangalia, anapewa. Akipungapunga mikono, inashikwa na kubanwa mezani. Ripoti ilisema anaendelea vizuri. Nyumbani alikuwa ameanza kukojoa kitandani, na Jumanne asubuhi tulimtoa nyuma ya tangi la maji akilia.

Baadaye nilisoma kwamba mbinu hiyo ilipata umaarufu kupitia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1987. Lengo lilikuwa mtoto aonekane kama wengine. Kogo, ambaye hajui Lovaas ni nani, aliuliza tu: "Kwani lazima aniangalie ndio anisikie?"

Tukabadilisha. Mtaalamu wa pili alituuliza sisi kwanza: ni nini kinamsumbua, ni nini kinamfurahisha? Tukasema mvua. Nyumba yetu ni ya mabati, na mvua ya huku ikianza huwezi kusikizana na mtu aliye kando yako. Yeye alikuwa anapiga nduru na kujigonga kichwa ukutani. Nilidhani tutaambiwa tumzoeshe. Badala yake tuliambiwa tutundike magunia ya viazi chini ya mabati pale anapolala, na tumtafutie vile vizibo vikubwa vya masikio ambavyo wapasua mbao huvaa. Mikono yake iachwe ipunge.

Halafu zikaja kadi za picha, kwa sababu maneno bado ni machache. Ya kwanza haikuwa "naomba". Ilikuwa "sitaki". Mama alikasirika. "Tunalipa pesa mtoto afundishwe kukataa?" Mtaalamu akamjibu polepole: "Mama, mtoto asiyeweza kukataa, mtu mbaya akimshika atafanya nini?" Mama hakusema kitu mpaka tukafika nyumbani.

Kulikuwa na maswali ya familia pia. Nilianza kuyajibu kwa niaba yake, nikajikuta najijibia. Sauti zinazouma. Lebo za nguo. Kurudia mazungumzo kichwani usiku kucha. Nilikuwa na miaka 26 nilipopimwa na kuambiwa mimi pia. Hakuna aliyewahi kushuku, kwa sababu nilikuwa msichana mwenye macho chini, na kwetu hiyo ni sifa. Kwenye mahojiano ya kazi nilikuwa nimejifundisha, bila biskuti, kuangalia katikati ya nyusi za mtu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nalala kama mgonjwa.

Usonji haujaondoka, na siku nyingine bado ni ngumu. Lakini Jumanne hajifichi tena.

Juzi mvua ilitukuta jikoni. Alivaa vizibo vyake, akaenda chumbani, akarudi na vyangu. Hakuniangalia. Aliviweka mapajani mwangu, akaketi.