Habari za Mama kutoka Namatala, Mbale

Mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi, tulikwenda kumsalimu mama yetu mzee kule Namatala, Industrial Division, Mbale. Kutoka Jinja gari ilipita Iganga, ikashika barabara ya Tirinyi, katikati ya mashamba ya mpunga ya bonde la Mpologoma.

Mbale ni jiji tangu tarehe 1/7/2020, lakini mtaa wa Mama ni ule ule: mashine za kukoboa mpunga, vumbi, na mlima Wanale kwa juu. Wamasaba, Wagwere, Wateso na Wakaramojong wanaishi mlango kwa mlango.

Mama akatupa habari. Jirani amejifungua mapacha. Fundi cherehani ameoa. Bibi wa nyumba ya pili haoni tena, watoto wanampelekea uji kwa zamu. Mto Namatala umepungua, mtoto anavuka bila kulowa magoti. Ndio mto huo huo uliofurika mwisho wa mwezi wa saba 2022, pamoja na Nabuyonga, watu zaidi ya 20 wakafa.

Tukamwomba aje kukaa nasi kambini. Akakataa: "Huko nani atajua kama sijafungua mlango asubuhi?" Pale jirani hugonga.

Basi tumekubaliana: kabla mvua haijaanza, tutamtafutia chumba mtaani humo humo, mbali na mto. Wenye wazazi karibu na mito, msingoje mvua. Mama anawasalimu wote.